Simba wa Shilingi: Vidokezo 9 vya Kukagua Sarafu za Fedha za Nyanya

Kati ya Runyenjes na Maua, nyumba nyingi zina mkebe wa Kasuku usio na mafuta. Ndani mna vifungo vya shati, sindano ya kushonea magunia, risiti za kahawa zilizopauka, na chini kabisa, sarafu nyeusi nyeusi ambazo hakuna anayejua zilifikaje humo. Majuzi shangazi yangu alinimwagia mkebe wake mezani, akachambua kwa kidole, akatoa shilingi moja ya 1942.

"Huyu simba hafanani na wenzake," akasema. "Hii lazima ni pesa nyingi."

Macho yake ni makali, na swali lake ni zuri. Tofauti ndogo za muhuri uliopiga sarafu huongeza bei? Mara nyingi haziongezi. Mara chache huongeza, tena sana, na hizo mara chache unaweza kuzitafuta mwenyewe jioni moja ukiwa na tochi ya simu na kikombe cha chai. Twende!

1. Soma mwaka kabla ya kumsoma simba

Tuanze na lililo rahisi: je, ni fedha kweli? Shilingi na sumuni za Afrika Mashariki zilizopigwa kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha, lakini robo tu. Sehemu iliyobaki ni madini ya bei ya chini, hasa shaba. Ndiyo maana zikichakaa hugeuka rangi ya njano-njano, mwenye nazo akadhani ameuziwa bandia. Kuanzia 1948 fedha iliondolewa kabisa, ikaingia shaba iliyochanganywa na nikeli.

Mwaka umefutika? Usihangaike. Zungusha shilingi yako usome herufi zilizozunguka kichwa cha mfalme. Ukiona IND na IMP, tabasamu. Hicho ni cheo cha mfalme wa Uingereza kama mtawala wa India, na kiliondolewa kwenye sarafu baada ya India kupata uhuru mwaka 1947. Shilingi za 1948 na kuendelea husema GEORGIVS SEXTVS REX tu. Umeona? Sekunde kumi, na nusu ya mkebe umeshaichambua.

Zile za Kenya huru zenye sura ya Mzee Kenyatta, zilizoanza 1966, zitunze kwa mapenzi yote, ila fedha hamna. Na sumaku isikupumbaze: fedha haivutwi, lakini mchanganyiko wa shaba na nikeli pia hauvutwi. Sumaku itakufichulia chuma kilichopakwa rangi, basi.

2. Mizani kwanza, ndoto baadaye

Mizani ya kiwanda cha kahawa haitakusaidia hapa! Tafuta mizani ndogo ya sonara, ile inayosoma hadi nukta za gramu. Shilingi ya simba ikiwa nzima ina gramu 7.78, na humo fedha halisi ni kama gramu 1.9. Sumuni ni nusu ya hiyo.

Sasa shika rupia ya India, ile iliyolipiwa kodi ya nyumba enzi wakoloni walipoingia Embu mwaka 1906 na kuweka kituo Meru miaka miwili baadaye. Ina gramu 11.66, na fedha yake ni zaidi ya sehemu tisa kwa kumi, yaani karibu gramu 10.7. Rupia moja ina fedha kuliko shilingi tano za simba! Florini ya 1920 ina uzito uleule wa rupia lakini nusu tu ndiyo fedha. Senti 50 na senti 25 za kabla ya 1920, zilizoandikwa jina la Afrika Mashariki na Uganda, zina sehemu nane kwa kumi.

Andika uzito wa kila moja kwenye karatasi. Hiyo ndiyo bei yako ya chini kabisa: thamani ya madini. Chochote kitakachosemwa kuhusu simba mwenye manyoya ya ajabu kitaongezwa juu ya hapo, au hakitaongezwa.

3. Tafuta herufi moja ndogo

Wengi huruka hatua hii wakakimbilia nyufa na mikwaruzo. Rudi! Upande wenye simba na mwaka, pitisha lenzi polepole uone kama kuna herufi ya kiwanda. H ni Heaton wa Birmingham. I ni Bombay. SA ni Pretoria, Afrika Kusini. KN ni King's Norton, pia Birmingham, nayo utaikuta zaidi kwenye ndururu na peni zenye tundu. Pasipo na herufi, kwa kawaida ni London.

Kwa nini Bombay na Pretoria? Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kazi ya kupigia Afrika Mashariki sarafu ilisambazwa kwenye viwanda vilivyokuwa mbali na mabomu ya London. Kwa hiyo shilingi mbili za 1944 zinaweza kukaa kwenye mkebe mmoja huko Nkubu, moja ikitoka Birmingham na nyingine Pretoria. Kwa mkusanyaji hizo ni sarafu mbili tofauti, na anazihitaji zote mbili ili kujaza nafasi zake. Herufi huleta mnunuzi kuliko ufa wowote utakaouona.

Huna lenzi? Fundi wa saa anayo, na ukimwomba kwa adabu atakuazima dakika tano. Kamera ya simu nayo inatosha: weka sarafu kwenye kitambaa cheusi, tochi iwe pembeni si juu, kisha kuza picha. Mwanga wa pembeni huinua kila herufi kama kivuli cha jioni.

4. Mjue muhuri, umjue simba

Hapa ndipo shangazi aliposimama, basi tukae kidogo.

Sarafu hupigwa. Kipande cha madini huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja wa kichwa na mwingine wa simba, kisha mashine hubana kwa nguvu mara moja. Muhuri mmoja hupiga sarafu nyingi mno, halafu huchoka: hupasuka, hujaa uchafu, husuguliwa ili uendelee na kazi, mwishowe hubadilishwa. Shilingi zilipigwa kwa mamilioni, kwa hiyo mihuri ilikuwa mingi, na kila mmoja ulikuwa na sura yake kidogo. Ukizilaza shilingi ishirini za simba mezani, utashangaa kama hutaona tofauti!

Simba wa shangazi ni wa Bombay. Nilimweka kando ya simba wa 1937 wa Birmingham, tukainama wote wawili na tochi. Kwenye ile ya 1942, mistari ya mwili na ya milima ya nyuma ilionekana kuchongwa upya, na vimistari vinavyozunguka ukingo vilikuwa virefu zaidi. Shangazi alikuwa sahihi. Waandishi wa katalogi nao waliliona jambo hilo zamani: katalogi ya Krause, ambayo wakusanyaji wengi duniani huitumia, huzigawanya shilingi za fedha za George wa Sita katika aina ndogo kadhaa chini ya nambari 28, kwa sababu ya simba aliyerekebishwa na ukingo uliobadilika.

Na bei? Kwa sarafu zilizochakaa, aina hizo karibu hazipishani. Mkusanyaji anayetaka kila aina ataipokea kwa furaha, atakulipa kidogo zaidi labda, lakini haitalipa karo ya muhula. Sababu ni nyepesi: zote zilipigwa kwa wingi, na wanaozitofautisha ni wachache. Tofauti ikiwa ndogo, na sarafu zikiwa nyingi, na wanaoitafuta wakiwa wa kuhesabika, bei hukaa pale pale.

Kwa hiyo jiulize maswali matatu tu. Tofauti hii inaonekana bila kubishana? Katalogi imeitaja? Kuna mtu anayeitafuta? Ndiyo tatu, weka kwenye bahasha ya peke yake. Ndiyo moja, irudishe na wenzake.

5. Mtafute tembo aliyefanana na nguruwe

Sasa ile habari njema niliyokuahidi! Mwaka 1911, rupia za kwanza za George wa Tano zilitoka viwanda vya Calcutta na Bombay. Kwenye joho la mfalme, karibu na kifua, kuna mkufu wenye tembo mdogo. Mchongaji alimpa mkonga mfupi na miguu mifupi, na watu nchini India wakaona nguruwe. Waislamu walikasirika, na serikali ikasimamisha kuzitoa. Kati ya rupia kama milioni 9.4 zilizokuwa zimepigwa, kama 700,000 tu ndizo zilizotoka. Nyingi ya zilizobaki ziliyeyushwa. Rupia za 1912 zikaja na tembo mwenye mkonga usio na utata.

Tofauti nzima ni ndogo kuliko punje ya mtama. Lakini ipite kwenye yale maswali matatu: inaonekana, imeandikwa, inatafutwa. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Rupia ya 1911 hupata bei nzuri kuliko ya 1912 au 1913 iliyo katika hali ileile. Na kwa kuwa rupia ya India ndiyo iliyokuwa pesa halali huku kwetu hadi mageuzi ya 1920 na 1921, hakuna sababu isiwemo kwenye mkebe wa Chuka au Siakago. Ukiona mfalme mwenye ndevu aliyevaa taji na mwaka 1911, usiipitishe haraka.

Ya pili ya kutazama ni rupia ya Malkia Victoria iliyoandikwa 1862. Mwaka huo uliachwa bila kubadilishwa hadi 1874, na kiwanda cha Bombay kikawa kinaweka nukta ndogo ndogo kuonyesha mwaka halisi. Nukta! Utadhani ni uchafu wa udongo. Zihesabu, uandike zilipo, maana wakusanyaji wa India huzifuatilia kwa makini mno.

Na kama babu alikuwa askari wa jeshi la kikoloni la KAR, mmoja wa waliopigana Ethiopia mwaka 1941, angalia vizuri kama hakurudi na dola kubwa ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa. Ina gramu 28, na mwaka wake husema 1780 popote ilipopigwa, iwe Vienna, Rome, London au Bombay, kwa sababu watu wa Bahari ya Shamu na Ethiopia walikataa sura nyingine yoyote. Walikuwa wakihesabu lulu za kifungo cha bega lake kabla ya kuipokea! Leo wataalamu hutambua kiwanda kwa manyoya ya mkia wa tai na mambo madogo kama hayo. Nyingi huuzwa kwa bei iliyo karibu na ya fedha yake, lakini kuna za viwanda fulani zinazopendwa zaidi, kwa hiyo piga picha nzuri ya mkia wa tai kabla ya kukubali bei yoyote.

6. Maandishi yanaonekana mawili? Tulia kwanza

Hili huwapandisha watu mapigo ya moyo. Kuna uwili wa aina mbili. Wa kwanza ni wa muhuri wenyewe: ulichorwa mara mbili bila kulingana, kwa hiyo kila sarafu iliyotoka chini yake ina kosa lilelile, na kila mstari una mwili wake kamili. Mfano maarufu ni senti ya Marekani ya 1955, ambayo maandishi na mwaka wake huonekana mawili hata bila lenzi, na watu hulipa zaidi ya dola elfu moja kuipata.

Wa pili ni wa mashine kutikisika wakati wa kupiga. Hapo kivuli cha herufi huwa bapa, kama ngazi iliyosuguliwa, na hakiongezi hata shilingi. Mtihani wa haraka: herufi ya pili ina mgongo wa mviringo kama ya kwanza? Endelea kuchunguza. Imelala kama chapati? Funga bahasha.

Mikwaruzo ya jembe, alama za meno ya mtoto, na nundu za kugongwa kwa jiwe vilikuja baada ya kiwanda. Hivyo hupunguza bei.

7. Hadithi tamu haina maana ya bei tamu

Ile peni ya shaba yenye tundu, ya 1936, yenye jina EDWARDVS VIII? Mfalme huyo aliacha kiti Desemba mwaka huohuo, na huko Uingereza kwenyewe hakuna sarafu yenye jina lake iliyowahi kuingia sokoni. Sisi tulizipata, Waingereza hawakuzipata! Lakini zilipigwa nyingi mno, kwa hiyo zilizochakaa huuzwa kwa bei ndogo. Itunze umsimulie mjukuu.

8. Weka jivu chini!

Tafadhali. Najua jivu hung'arisha sufuria, na limau hung'arisha shaba, na dawa ya meno hung'arisha kila kitu. Sarafu usiiguse. Ule weusi ni ngozi ya fedha, na chini yake kuna mistari midogo midogo ya manyoya ya simba ambayo ndiyo hasa tunayoihesabu. Suguo moja la waya na ule muhuri tuliouzungumzia ukurasa mzima umefutika milele. Nimewahi kuletewa rupia iliyong'aa kama kioo, imesuguliwa kwa upendo Jumamosi nzima, na tembo wake hakubaki hata sikio. Niliumia rohoni.

Kama kuna udongo, iloweshe kwenye maji safi ya uvuguvugu, iache, kisha ikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa laini, bila kusugua. Ishike ukingoni. Usizifunge na raba, kwa kuwa raba ina salfa na salfa huiunguza fedha ikawa nyeusi zaidi. Bahasha ndogo ya karatasi, moja kwa kila sarafu, inatosha.

Na zile zilizotobolewa ili zivaliwe kama mkufu? Kwa mkusanyaji wa sarafu bei hushuka hadi karibu na ya madini, hata aina yake iwe adimu vipi. Kwa familia, huo ni mkufu wa nyanya. Mimi nisingeuuza.

9. Uliza bei iliyolipwa

Kwenye simu utaona mtu ameandika kuwa shilingi ya simba ni laki mbili. Hiyo ni bei anayoiomba. Mimi pia naweza kumwombea kuku wangu laki mbili. Tafuta mauzo yaliyokamilika, ya sarafu yenye mwaka uleule, herufi ileile na uchakavu uleule, na ulinganishe angalau matatu. Mnunuzi akikuambia utume kwanza pesa ya usajili, au ya kupima, au ya ndege, mmwage kabisa. Anayetaka sarafu yako ndiye anayetoa pesa.

Kisha hili, ambalo wengi hawajaambiwa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa vya kale, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Rupia nyingi za Victoria zinaangukia humo. Kwa hiyo kabla hujamtumia mtu wa ng'ambo, pitia Makumbusho ya Meru mjini, kwenye lile jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, uulize utaratibu. Kuuliza hakugharimu kitu zaidi ya nauli, na ukishamaliza, Gakoromone iko karibu, utarudi na ndizi.

Shangazi aliandika bahasha yake mwenyewe, kwa kalamu nyekundu: mwaka 1942, herufi I, gramu 7.6, simba wa Bombay. Halafu akaongeza mstari mmoja ambao hakuna katalogi itakayokuwa nao, kwamba baba yake aliipata kwenye malipo yake ya kwanza ya kahawa, miaka michache baada ya wakulima wa Embu na Meru kuruhusiwa kuipanda. Ameirudisha mkebeni. Sasa anatafuta ya 1943.